Mafuta ya Upako kwa Mzee wa Udongo

Mama Riziki alifariki Louisville siku ya Jumanne, nami nilipata habari Jumatano asubuhi nikiwa nasubiri basi pale Morse Road, hapa Columbus. Binti yake ndiye aliyenipigia. Alisema, "Mama Neema, mama ametutoka," nikabaki na simu sikioni, basi likaja, likafungua mlango, likaondoka bila mimi. Mjukuu wangu Divine ndiye aliyeniambia niandike. Alisema watu wanasema mengi kwenye msiba halafu maneno yanapotea. Mimi shule niliishia darasa la nne, kwenye kambi ya wakimbizi, chini ya turubai, kwa hiyo anayetaka maneno ya kupendeza akatafute kwingine. Mambo ya wazazi wangu na jinsi tulivyotoka Burundi mpaka Kigoma sitayaandika hapa. Kila mzee wa kwetu anayo, na yote yanafanana. Nitaandika mwaka mmoja tu, mwaka wetu wa kwanza Marekani, mjini Buffalo, kwa sababu mwaka ule nilifanya kosa, Mama Riziki akalibeba, na mpaka leo sijui alilibeba kwa nini.

Nilikuwa na miaka thelathini na minane. Msomaji atasema huo si ujana. Lakini mtu ambaye hajui kuwasha jiko la nyumba yake, ambaye barua yake anasomewa na jirani, huyo ni mtoto hata akiwa na mvi. Kampuni ya kutunza wazee ilinipangia nyumba moja Kenmore, nje kidogo ya mji, kwa bibi wa Kizungu aliyekuwa amepita miaka themanini, amevunjika nyonga. Mimi niliingia asubuhi, Mama Riziki aliingia mchana. Yeye alikuwa Mkongomani wa Uvira, mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Bibi tulimwita Mama Inga. Yeye aliniita kwa jina langu la ubatizo, Josefin, alivyolikata mwenyewe. Tangu nimzae Neema hakuna mtu aliyekuwa ameniita Yosefina, na kila akiniita nilihisi kama kuna mwanamke mwingine nyuma yangu.

Nyumba ile naiona mpaka sasa kuliko nyumba ninayolala. Jikoni kulinuka kahawa na samaki waliolala kwenye siki, wabichi kabisa, ambao Mama Inga aliwala juu ya mkate mweusi kama udongo wa shambani. Kulikuwa na joto la mabomba yaliyogonga ukutani kama mtu anaomba kufunguliwa. Halafu chumba cha kulia, ambacho hakuna aliyekula humo. Meza ndefu, viti vinane, na juu ya kabati refu sanamu nne nyeupe, kila moja urefu wa mkono kutoka kiwiko mpaka vidole. Babu yake Mama Inga alizileta kwa meli kutoka Denmaki, zimefungwa kwenye nyasi kavu, na zilikuwa na zaidi ya miaka mia mbili. Ya kwanza ni msichana mwenye kikapu cha maua. Ya pili ni mama mwenye mundu na mganda wa ngano. Ya tatu ni kijana mnono, amelewa, zabibu zimemwangukia kichwani, hana nguo. Ya nne ni mzee. Alikuwa na mabawa mgongoni, fyekeo ndefu begani, saa ya mchanga miguuni, na mkononi ameshika mtoto mchanga, mkono wa mtoto tayari uko kinywani mwa mzee.

Siku ya kwanza nilisimama mbele yake na brashi mkononi nikashindwa kusogea. Mama Inga alinionyesha kutoka kwenye kiti chake: brashi kavu tu, maji hapana, mikono hapana. Nilifikiri mikono hapana kwa sababu ya nguvu iliyo ndani yao. Kumbe alikuwa na sababu nyingine, na alinieleza, lakini Kiingereza changu wakati ule kilikuwa cha "ndiyo" na "asante". Nilielewa nusu, nusu nyingine nikaijaza mwenyewe. Hapo ndipo ujinga unapoingia. Asiyeelewa kitu chote huuliza. Aliyeelewa nusu hujiona ameelewa.

Alijitahidi, siwezi kumsema vibaya. Alikuwa mwalimu wa kuchora zamani. Alichukua karatasi akanichorea: maua, jua, jani linaanguka, theluji. Majira manne ya mwaka. Nikaitikia kwa kichwa, hayo niliyaona dirishani. Kisha akaonyesha yule mzee, akaonyesha saa yake ya mkononi, akaonyesha uso wake wenye mikunjo, akacheka. Akasema, "Huyu ni Wakati, Josefin. Anawazaa wote na anawala wote." Nikakunja mikono kama ya kusali, nikamuuliza kwa ishara kama watu wa kwao walikuwa wakimwabudu. Akashtuka. Akasema hapana, walikuwa wakristo, wanasali Jumapili, wana Biblia mezani. Alinirudia siku nyingi mpaka nikapata kwamba miungu hii ni ya Wagiriki na Warumi wa kale, hakuna aliyeiamini tena. Wafinyanzi wa mfalme wa kwao waliichukua kama namna ya kusema jambo. Na sanamu kama hizi zilikuwa zinawekwa katikati ya meza wakati wa kula matunda na keki, wageni wazitazame, wafumbue maana yake, wajione werevu.

Hilo ndilo lililonichanganya kuliko yote. Kwetu tunajua mafumbo. Jioni kambini tulikuwa tunategana vitendawili mpaka watoto wanasinzia. Lakini fumbo letu ni la maneno. Likishafumbuliwa limekwisha, halikai juu ya kabati linakutazama. Hawa walikuwa wamechukua fumbo wakalichoma motoni likawa gumu, halafu wakala keki mbele ya mzee anayekula mtoto. Watu wa Biblia! Juzi Divine alinisomea kwenye simu habari za yule mzee, jina lake, na kwamba alimeza watoto wake kwa kuogopa kwamba mmoja atamwondoa kwenye kiti cha ufalme. Nimesikia. Nimeelewa. Na bado nikifikiria meza ile, sielewi.

Mama Riziki hakuwa na shida ya kuelewa. Tulikuwa tunakutana jikoni robo saa mchana, mimi natoka, yeye anaingia, tunakula pamoja chakula alichobeba. Alikuwa anapika sombe, yaani kisamvu, kwa mafuta ya mawese, nyumba nzima inanukia, na Mama Inga alikuwa anaomba kijiko. Siku moja alichungulia chumba cha kulia akarudi anacheka.

"Donc weye Mrundi, ile muzee iko nakula mutoto, na weye uko naipanguza masikio kila siku?"

"Ni Wakati," nikamwambia. "Ni fumbo lao."

"Fumbo! Kule kwetu muntu akila mutoto, tunamwita mulozi, muchawi. Haiko fumbo, iko mulozi. Kula, kula, utaanguka kwenye barafu."

"Wewe hujaelezwa."

"Bon. Mimi sijaelezwa, na niko nalala vizuri. Weye umeelezwa, na macho iko nyekundu."

Macho yalikuwa mekundu kwa sababu ya Neema. Binti yangu alikuwa na mimba ya miezi sita. Kambini alikuwa amepoteza mbili. Mume wake alibaki Kigoma, makaratasi yake hayajatoka. Wiki ile alikuwa ameanza kutokwa na damu, na hospitali walimwambia alale, asisimame ila kwenda chooni. Nilikuwa namwacha kitandani asubuhi gizani na chupa ya maji na mkate, napanda basi mpaka Kenmore, na kitu cha kwanza mkononi mwangu ni brashi, na mbele yangu ni mzee mwenye mkono wa mtoto kinywani. Nilianza kumpanguza nikiwa nimefumba macho. Nikaanza kufikiri kwamba kila siku ninapomsafisha ninamhudumia.

Mtu asiye wa kwetu lazima aelezwe jambo hili. Kanisani kwetu, ukihamia nyumba, kina mama wanakuja na mafuta yaliyoombewa. Ni mafuta ya zeituni ya dukani, kwenye kichupa. Wanaimba, wanapaka vizingiti, vitanda, vipaji vya nyuso za watoto. Hata ukipata gari bovu wanapaka usukani. Mafuta yanaonekana siku ile, kesho yamefutika, hakuna kinachoharibika. Nilipomwambia Mama Riziki habari za damu hakucheka tena. Alitoa kichupa kwenye sidiria yake, ndivyo alivyokuwa anakibeba, akanitia mkononi.

"Paka ile kintu," akasema. "Kipaji tu. Omba, paka, toka. Mungu haogope Wazungu."

"Alisema tusiguse."

"Alisema tusiguse na vumbi ya mikono. Hakusema na jina ya Yesu."

Kesho yake, Mama Inga akiwa bado amelala, nilipaka. Nilimpaka mzee kwenye paji la uso. Halafu, na hili Mama Riziki hakunituma, nikampaka na yule mtoto, mgongoni, kwa kidole gumba, nikamwita kwa jina ambalo Neema alikuwa amelichagua. Nililia pale na brashi yangu. Nilipofungua macho, mafuta yalikuwa yamepotea. Nilifikiri yamepokelewa.

Hayakupokelewa, yalinywewa. Sanamu zile hazikupakwa ule mng'ao wa bakuli na sahani. Zilichomwa zikaachwa kavu, ili mikunjo ya ngozi na nywele ionekane. Udongo wa namna hiyo ukipewa mafuta unayavuta kama mchanga unavyovuta maji, na hayarudi. Hiyo ndiyo ilikuwa sababu ya mikono hapana. Baada ya siku mbili paji la mzee lilikuwa na doa la njano, na mgongo wa mtoto doa jingine. Nikachukua sabuni ya vyombo na kitambaa cha maji ya moto. Doa likashuka mpaka kwenye ndevu. Nikaigeuza sanamu kidogo ielekee ukutani, nikaenda kumwoshea Mama Inga miguu.

Sikujua kwamba Mama Inga alikuwa amepanga kuzitoa zote nne kwa nyumba ya makumbusho. Wiki iliyofuata, Alhamisi, binti yake Karen alikuja na mtaalamu wa vitu vya kale, mwanamume mwenye glovu nyeupe kama anayekwenda kuzika. Ilikuwa mchana, zamu ya Mama Riziki, lakini mimi nilikuwa nimechelewa kutoka, niko jikoni navaa viatu vya theluji. Mawese yalikuwa motoni. Nilisikia yule mwanamume anasema taratibu, "Huyu ameharibika." Kisha viatu vya Karen kwenye sakafu, anakuja jikoni. Alitazama sufuria, akatazama vidole vya Mama Riziki, vya njano mpaka kwenye kucha, kama vilivyo vya kila mwanamke anayepika mawese.

"Umeishika sanamu?" akauliza.

Mama Riziki hakuniangalia mara moja. Kwanza alizima jiko. Ndipo aliponiangalia. Sikuona hasira machoni mwake, wala kuomba. Alinitazama kama mtu anayetazama mlango aone kama utafunguka.

Mimi nilikuwa na kiatu kimoja mguuni na kimoja mkononi. Nilifikiria Neema kitandani. Nilifikiria kwamba tukitolewa kwenye nyumba ile Neema atasimama, na akisimama mtoto atatoka. Hayo ndiyo niliyofikiria, na ni ya kweli, na hayanisaidii. Nikavaa kiatu cha pili.

"Sijui," Mama Riziki akamwambia Karen.

Mama Inga alikuwa kwenye kiti chake mlangoni, anatusikia wote. Naye hakusema kitu.

Jumatatu kampuni ilimtoa Mama Riziki, na walimwambia kwamba nyumba nyingine hawana. Nilisubiri aje anitukane. Nilipanga hata majibu. Alikuja Ijumaa, amebeba sufuria imefungwa kwa kitambaa, akaketi kwenye ukingo wa kitanda cha Neema, akamchekesha mpaka nikaogopa mimba itatikisika. Alisema kaka yake Louisville amempatia kazi kwenye ghala, anaondoka na watoto kesho. Mlangoni, akiwa anavaa koti, nilijaribu kufungua mdomo.

"Mama Riziki, mimi..."

"Nyamaza," akasema. "Nyie Warundi muko kama nyumba haina dirisha. Mutoto azaliwe kwanza." Akashuka ngazi anaimba.

Maneno hayo nimeyageuza miaka yote hii. Azaliwe kwanza, halafu useme? Au azaliwe, yakome? Wakati ule niliyashika kwa upande ulionifaa.

Divine alizaliwa mwezi wa nne, kabla ya siku zake, mdogo kama mkate, lakini akilia. Na mimi sikusema. Siku moja, siku tatu, wiki mbili. Sababu yangu ilikuwa imekwisha kuzaliwa na kunyonya, na bado niliendelea kupanguza msichana wa maua na kumruka mzee. Hapo ndipo nilipojijua. Mtu anaweza kuogopa kwa ajili ya mtoto, ni sawa. Lakini woga ukibaki hata mtoto akiwa salama, basi ulikuwa wako tangu mwanzo.

Nilimwambia Mama Inga siku ya Jumamosi, nikimkatia mkate. Nilitumia maneno yote ya Kiingereza niliyokuwa nayo, na yalipokwisha nilionyesha kwa kidole gumba kwenye paji langu.

"Wewe?" akasema. "Kwa nini?"

"Anakula mtoto."

"Ni Wakati, Josefin. Nilikueleza."

"Ulinieleza. Binti yangu alikuwa anatokwa na damu."

Aliweka kikombe chake cha kahawa mezani. Halafu akauliza, "Na mtoto?"

"Msichana. Mzima."

Aliagiza nimletee simu. Akapiga kampuni mbele yangu, akawaambia kosa halikuwa la yule mwingine. Wakamjibu kwamba hayuko nao tena, amehamia jimbo jingine. Akaiweka simu magotini. "Nilijua si yeye," akasema. "Yeye hakuwa anaingia kile chumba. Nilikuwa nangoja wewe useme." Nikamuuliza mbona basi hakusema yeye. Akaomba siagi.

Na hakunifukuza. Hilo sijalielewa. Asiye na kosa alikuwa Louisville anabeba maboksi, mwenye kosa alikuwa Kenmore anapaka siagi. Makumbusho walichukua tatu, wakakataa ya nne. Yule mzee alibaki peke yake juu ya kabati na paji lake la njano, nami nilimpanguza mpaka Mama Inga alipochukuliwa kwenda kukaa kwa Karen. Nilimpigia Mama Riziki kumwambia kwamba nimesema. Akajibu, "Bon, vizuri," akauliza Divine ana uzito gani. Mimi na Neema tulihamia Columbus, na yeye tukawa tunapigiana simu sikukuu, tukaonana kwenye harusi mbili. Hatukulirudia.

Sasa mazishi. Divine aliendesha gari mpaka Louisville. Ukumbi ulijaa, kina mama wa Kikongomani na vitambaa vya kichwa, watoto wanaongea Kiingereza nyuma. Ulipofika wakati wa ushuhuda, Riziki, binti yake, akasimama na kipaza sauti. Alisema mama yao alikuwa mwanamke wa imani. Alisema kule Buffalo mama yao alikuta sanamu inayokula mtoto katika nyumba ya Mzungu, akaipaka mafuta kwa jina la Yesu, akapoteza kazi, na kwa mafuta yale mtoto wa rafiki yake akazaliwa mzima. Watu wakapiga makofi, wakasema amina. Divine akanigeukia, akaninong'oneza kwa Kiingereza, "Bibi, si ulisema ni wewe?"

Nilisimama. Magoti yangu hayapendi kusimama haraka, lakini nilisimama. Nilisema, "Aliyepaka ni mimi. Na aliyenyamaza ni mimi. Mama Riziki hakugusa kitu." Nilisema kwa Kiswahili kilichonyooka, hakuna ambaye hakusikia. Mchungaji akasema, "Amina, mama yetu ana uchungu," akaanzisha wimbo, na wote wakaimba juu yangu mpaka nikaketi.

Baadaye Riziki alinikuta kwenye mstari wa chakula. Alinishika mkono.

"Mama Neema, usihuzunike. Sisi tunajua. Mama alitueleza yote."

"Basi kwa nini umesema vile?"

"Yeye ndiye alitaka niseme vile. Alisema, siku nikikufa, sema ni mimi nilipaka. Ile Mrundi atakuwa pale. Akisimama, mumupe chakula. Asiposimama, mumupe chakula vilevile."

Nikamuuliza kama mama yake alisema hayo kwa kucheka au kwa hasira. Riziki akafikiri. Alisema hakumbuki, mama yake alikuwa anasema kila kitu kwa sauti moja. Kisha akachukua sahani, akanijazia wali, akanijazia kuku, akaongeza ndizi bila kuniuliza, akasimama pale pale mbele yangu kama aliyetumwa kuhakikisha. Sikuwa na njaa. Nilikula yote.